Vijidudu Husemezana: Njia Mpya ya Kuvishinda



Katika masomo mengine ya kitabu hiki umejifunza kwamba magonjwa mengi huletwa na vijidudu, ambavyo watu wengi wa Kongo huviita mikrobi. Umejifunza kunawa mikono, kuchemsha maji na kuchimba choo. Leo tunataka kukufundisha jambo ambalo wazee wetu hawakulijua. Jambo lenyewe ni hili: vijidudu husemezana. Havina kinywa wala masikio kama wewe, lakini hupelekeana habari. Hujua vikiwa vichache, hujua vikiwa vingi, hungojana, kisha hushambulia pamoja.

Pengine utauliza, "Habari hii yanifaa nini mimi?" Yakufaa sana. Dawa tunazotumia kuua vijidudu zinaanza kushindwa, na watu wanakufa kwa sababu hiyo. Wataalamu wanatafuta njia nyingine ya vita, na njia moja ni kuharibu masemezano ya vijidudu. Soma polepole. Usiposoma mwenyewe, mwombe mtoto wako akusomee.

1. DAWA ZETU ZINASHINDWA

Zamani mtu aliweza kuchomwa mwiba mguuni akafa. Mama aliweza kujifungua salama, na baada ya siku chache akafa kwa homa ya uzazi. Mtoto akishikwa na ugonjwa wa mapafu, wazazi walikaa wakingoja tu.

Kisha Mungu akawapa wanadamu maarifa. Mwaka 1928 daktari Alexander Fleming, katika hospitali moja ya London, aliona ukungu ulioingia kwa bahati katika kisahani cha kukuzia vijidudu. Kando ya ukungu ule vijidudu vilikuwa vimekufa. Ndiyo asili ya penisilini. Baada yake zikaja dawa nyingine nyingi za namna hiyo, nazo zote huitwa antibiotiki. Wengi mnaosoma maneno haya mko hai kwa sababu ya dawa hizo.

Lakini Fleming mwenyewe alitoa onyo mapema. Mwaka 1945, alipopewa tuzo ya Nobel, alisema kwamba mtu akitumia dawa kidogo kuliko inavyopasa, vijidudu vyake havitakufa vyote, navyo vitakavyobaki vitakuwa vimeizoea dawa.

Mfano wake ni huu. Tuseme una panya wengi katika ghala ya mahindi, nawe ukaweka sumu kidogo tu. Panya dhaifu watakufa. Wachache wenye miili migumu watapona, na hao ndio watakaozaa. Baadaye ghala imejaa watoto wao, na sumu ile ile haiwadhuru tena. Ndivyo ilivyo kwa vijidudu. Tena vijidudu ni vibaya kuliko panya, maana kijidudu chenye siri ya kuishinda dawa chaweza kukipa kijidudu jirani siri hiyo, hata kama jirani yule ni wa kabila nyingine.

Wataalamu wamehesabu kwamba katika mwaka 2019 watu kama 1,270,000 duniani walikufa kwa sababu vijidudu vilivyowaua havikusikia dawa. Afrika iliyo kusini ya Sahara iliumizwa kuliko sehemu nyingine. Mwaka huo huo wataalamu waliandika habari za salmonela iliyotoka katika damu ya wagonjwa wa hapa Kongo, ambayo ilishinda karibu dawa zote zinazotumika kwa kawaida kuitibu.

Basi watu husema, "Na watengeneze dawa yenye nguvu zaidi." Ni kweli, kazi hiyo inafanyika. Lakini dawa mpya ni chache, huchukua miaka mingi kupatikana, na kila mara vijidudu huanza tena kuizoea. Kwa hiyo wataalamu wengine wameuliza swali jingine: Je, ni lazima kumwua adui? Je, tukimzuia asipatane na wenzake, ataweza kufanya vita?

2. VIJIDUDU VINA AKIDI YAO

Wewe uliye mshirika wa kanisa unajua desturi ya baraza. Wazee 15 wakiitwa na wakafika 3 tu, hawawezi kukata neno kubwa. Wanangoja mpaka idadi itimie. Idadi hiyo huitwa akidi. Ikitimia, baraza hufunguliwa, na neno likikatwa wote hulitenda.

Vijidudu navyo vina akidi yao. Kila kijidudu hutoa nje ya mwili wake kemikali kidogo sana, kama ua linavyotoa harufu. Kijidudu kikiwa peke yake, kemikali hiyo hutawanyika na kupotea. Vikiwa vingi mahali pamoja, kemikali huongezeka na kujaa. Tena kila kijidudu kina kitu cha kuipokea, ambacho twaweza kukiita sikio lake. Kemikali ikifika kipimo fulani, vyote hupata habari kwamba sasa wamekuwa wengi. Ndipo vyote pamoja hugeuza kazi.

Habari hii ilianza kujulikana kwa vijidudu vya baharini. Katika bahari ya Hawaii yuko ngisi mdogo, mnyama mwenye mwili laini usio na mifupa na mikono mingi. Usiku hutoka kutafuta chakula. Chini ya tumbo lake kuna kifuko kilichojaa vijidudu vinavyotoa mwanga kama kimulimuli, na mwanga huo huficha kivuli chake ili adui aliye chini asimwone. Asubuhi ngisi huvitoa nje vijidudu vingi, na wachache waliobaki hukaa gizani. Mchana huzaana, na jioni vikiwa vingi tena huwaka.

Mwaka 1970 Kenneth Nealson, Terry Platt na Woodland Hastings, waliofanya kazi katika Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, waliandika habari za vijidudu vya bahari vya namna hii. Walivitia katika mchuzi mpya wa maabara. Vilipokuwa vichache havikuwaka, ingawa vilikuwa vizima na chakula kilikuwapo. Vilipoongezeka viliwaka vyote pamoja. Kumbe vilikuwa vikitoa kemikali na kungoja ijae. Watu wengi hawakusadiki wakati ule, maana walidhani kijidudu ni kitu kipumbavu kinachoishi peke yake. Lakini baadaye mambo ya namna hiyo yakaonekana katika vijidudu vingi, hata vile vinavyotuua sisi. Mwaka 1994 wataalamu wakaipa desturi hiyo jina lililotoka katika neno lenyewe la akidi.

Sasa fikiri kwa nini kijidudu kibaya kingoje akidi. Katika mwili wako Mungu ameweka askari, ndio chembe nyeupe za damu. Kijidudu 1 kikitoa sumu peke yake, sumu yake haitoshi kukudhuru, bali itawaamsha askari, nao watakimaliza. Kwa hiyo hukaa kimya na kuzaa. Vijidudu vingine vikipata joto na chakula huzidi mara mbili kila dakika 20. Hesabu mwenyewe: kijidudu 1 baada ya saa 7 kinaweza kuwa zaidi ya 2,000,000. Ndipo neno hupita kati yao, na vyote hutoa sumu saa moja. Askari wa mwili hushtuka wakati adui amekwisha kuwa jeshi.

3. KIDONDA CHENYE USAHA WA KIJANI

Sisi tunaofunga vidonda twamfahamu adui mmoja vizuri. Jina lake ni psedomonasi. Hupenda majeraha ya moto na vidonda vya siku nyingi. Mara nyingi usaha wake ni wa rangi ya kijani, na harufu yake mwuguzi huitambua hata kabla ya kufungua kitambaa. Hukaa kwa urahisi mahali penye maji na unyevu. Tena ni mgumu, maana dawa nyingi hazimwezi.

Psedomonasi husemezana kwa lugha zaidi ya 1. Vikitimia akidi, hutoa sumu zinazokula nyama ya kidonda, na pia hujenga utando. Utando huo ni nini? Je, umepata kupitisha kidole ndani ya bido la maji ambalo halijasuguliwa siku nyingi? Ule utelezi ni mji wa vijidudu. Na ule utando ulio juu ya meno yako asubuhi ni mji mwingine. Vijidudu hutoa ute, hujifunika nao, na kukaa ndani kama watu ndani ya boma. Dawa inayoua kijidudu kilicho nje yaweza kushindwa kabisa kukiua kijidudu kile kile kikiwa ndani ya utando, hata ukiongeza kipimo mara 100.

Mwaka 1998 wataalamu wa Marekani walichukua psedomonasi ambao hawakuweza kutoa ile kemikali ya kupelekeana habari. Waliotesha hao pamoja na wazima ili waone tofauti. Wazima walijenga utando mnene wenye nguvu. Wale waliokuwa bubu walijenga utando mwembamba tu, na walipomwagiwa kitu cha kusafishia cha jamii ya sabuni walitawanyika, lakini wazima walibaki. Mwaka 1999 wengine walijaribu katika panya walioungua. Psedomonasi waliokuwa bubu hawakuweza kuenea na kuua kama wazima.

Angalia vizuri, msomaji. Vijidudu hivyo bubu havikuwa vimekufa. Vilikuwa vizima, vinakula, vinazaa. Lakini havikupatana, kwa hiyo nguvu ya vita ilipungua sana.

4. NJIA 3 ZA KUHARIBU MASEMEZANO

Unajua habari za mnara wa Babeli katika Mwanzo 11. Watu walikuwa na lugha moja na shauri moja. Mungu hakuwaua, bali aliichafua lugha yao, na kazi ya mnara ikakoma. Hatusemi kwamba vijidudu ni watu wa Babeli, lakini mfano huu utakusaidia kufahamu kazi ya wataalamu. Wanatafuta njia 3.

Kwanza, kuziba kinywa. Maana yake ni kumzuia kijidudu asitengeneze kemikali ya kupeleka habari. Imeonekana katika maabara kwamba azitromisini, ambayo kwa kawaida haiui psedomonasi, hupunguza kemikali hiyo kwao. Lakini azitromisini ni antibiotiki, na vijidudu vingine huizoea upesi. Kwa hiyo wataalamu wanatafuta vitu vingine vyenye kufunga kinywa bila kuua.

Pili, kuharibu habari njiani. Kijidudu hutoa kemikali yake, lakini kabla haijafika kwa jirani, kitu kingine huivunja. Katika udongo kuna vijidudu vya jamii ya basili vyenye uwezo huo. Wataalamu wa Singapore walikiona kitu kile kinachovunja, na mwaka 2001 walionyesha kazi yake kwa tumbaku na viazi mviringo. Wakulima wa viazi wanaujua ugonjwa unaofanya kiazi kiwe laini, kitoe maji na kunuka. Vijidudu vya ugonjwa huo navyo hungoja akidi kabla ya kuozesha. Wataalamu waliipa mimea uwezo wa kuivunja kemikali ya habari, na mimea hiyo ikaweza kuupinga ugonjwa. Vijidudu vilikuwapo, lakini havikupata habari ya kuanza.

Tatu, kuziba masikio. Baharini karibu na Australia kuna mmea mwekundu wa majini uitwao Delisea pulchra. Watu waliona kwamba majani yake hubaki safi, ingawa mimea mingine ya majini hufunikwa na utando wa vijidudu. Wakagundua kwamba mmea huo hutoa kemikali inayofanana na ile ya vijidudu. Huingia katika sikio la kijidudu na kukaa pale kama ufunguo usiogeuka, na habari ya kweli hukosa nafasi. Lakini kemikali hizo zina sumu, hazifai kupewa mtu, na wataalamu wanatafuta nyingine zilizo salama.

Mfano mwingine watoka Thailand. Unakijua kijidudu cha stafilokoki hata kama hulijui jina lake, maana ndicho kinacholeta majipu mengi, na kikiingia katika damu chaweza kuua. Watu wengi huwa nacho puani au tumboni bila kuugua. Mwaka 2018 wataalamu waliandika habari za watu 200 wazima wa vijijini Thailand. Wale waliokuwa na basili matumboni mwao, karibu nusu ya watu wote, hata mmoja wao hakuwa na stafilokoki. Sababu yake ni kwamba basili hutoa kitu kinachoziba sikio la stafilokoki, nacho kisipoweza kusemezana hakiwezi kukaa tumboni. Mwaka 2023 wakaleta habari za jaribio lililofanywa kwa watu 115. Wengine walipewa basili kila siku kwa siku 30, wengine walipewa kitu kisicho na kazi. Kwa waliopewa basili, stafilokoki ya tumboni ilipungua kwa zaidi ya sehemu 90 katika kila 100. Hapo masikio ya vijidudu yalizibwa ndani ya watu wenyewe, si katika panya tu.

5. FAIDA YAKE NI NINI, NA MPAKA WAKE NI UPI?

Rudi katika mfano wa panya. Sumu ikiua 990 na kuacha 10, hao 10 wanapata ghala yote, chakula chote na nafasi yote. Ndiyo sababu wagumu huenea upesi. Lakini ukivinyamazisha vijidudu bila kuviua, vile vinavyoishinda dawa havipati nafasi kubwa hivyo, maana majirani zao bado wako hai. Tena kijidudu 1 kikipata kusikia upya peke yake, kitafanya nini? Kitatoa sumu yake kidogo, na wenzake hawatamfuata. Wakati huo askari wa mwili wanaendelea na kazi, na antibiotiki ya zamani yaweza kupata njia mahali ambapo utando ni dhaifu.

Hayo ndiyo matumaini. Lakini tuseme kweli yote. Mwaka 2012 wataalamu walionyesha kwamba hata psedomonasi waweza kuizoea dawa ya kuwanyamazisha. Baadhi yao waliisukuma nje ya miili yao, kama mtu anayetoa maji katika mtumbwi unaovuja. Basi njia hii haitamaliza vita milele. Yaweza kupunguza mwendo wa adui na kuzipa dawa zetu maisha marefu zaidi.

6. KIPINDUPINDU HUFANYA KINYUME

Sisi wa Kongo, hasa ndugu wanaokaa kando ya ziwa Kivu na ziwa Tanganyika, tunakijua kipindupindu. Kijidudu chake nacho husemezana, lakini desturi yake ni kinyume. Vikiwa vichache hushika tumbo na kuleta sumu. Vikiwa vingi sana hupashana habari, huacha kazi ya sumu, na kutoka pamoja na kuhara ili kwenda majini kutafuta mtu mwingine.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani walifanya werevu. Walichukua kijidudu cha tumboni kisichodhuru wakakifundisha kutoa kemikali ya kipindupindu. Mwaka 2010 waliandika kwamba panya wachanga waliotangulia kupewa kijidudu hicho walipona wengi zaidi kuliko wasiopewa. Vijidudu vya kipindupindu vilidanganyika, vikadhani vimekwisha kuwa wengi, na kupunguza sumu. Kumbuka Gideoni katika Waamuzi 7: watu wake walikuwa 300 tu, lakini Wamidiani walidhani jeshi kubwa limewazunguka.

Hiyo ni habari ya panya. Wewe kipindupindu kikiingia nyumbani mwako, usingoje werevu huo. Mpe mgonjwa maji ya kunywa yenye chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote vikiwa vimesawazishwa. Mpe kila mara anapohara, na mpeleke upesi kituo cha afya huku akinywa njiani.

7. USIDANGANYIKE

Mtu asije sokoni akakuambia, "Ninayo dawa ya kunyamazisha vijidudu." Mpaka leo hakuna dawa ya namna hiyo inayotolewa katika hospitali zetu wala farmasi zetu. Kazi ingali katika maabara na majaribio.

Wengine watakutajia kitunguu saumu. Ni kweli kwamba ndani yake mna kitu ambacho katika maabara huharibu masemezano ya psedomonasi. Lakini mwaka 2010 wataalamu wa Uingereza waliandika habari za wagonjwa 26 wenye ugonjwa wa mapafu wa kurithi. Wengine walipewa kitunguu saumu, wengine hawakupewa, na faida ya wazi haikuonekana. Kula kitunguu saumu katika mboga yako na kumshukuru Mungu. Lakini usikiponde na kukiweka juu ya kidonda, kwa maana kikiwa kibichi chaweza kuunguza ngozi.

8. WEWE UFANYE NINI LEO?

Hata sasa unaweza kuvizuia vijidudu visitimie akidi, na unaweza kuzilinda dawa tulizo nazo. Shika mambo haya:

1. Osha jeraha mapema. Mtu akijikata shambani, lioshe saa ile ile kwa maji safi mengi na sabuni. Vijidudu vikiwa vichache na bila utando, maji huviondoa. Ukingoja siku 3, utakutana na mji uliokwisha kujengwa.

2. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usimpake mafuta ya mawese, majivu, dawa ya meno wala mavi ya ng'ombe. Kisha mlete hospitali.

3. Kidonda cha zamani kioshwe na kufungwa na mwuguzi kwa siku alizokuagiza. Wengine hukasirika mwuguzi anaposugua na kukata nyama iliyokufa. Usikasirike. Anabomoa boma la adui ili dawa ipate kuingia.

4. Usifungue kapsuli na kunyunyiza unga wake juu ya kidonda. Unga huo hautoshi kuua vyote, bali huvifundisha vijidudu kuizoea dawa.

5. Usinunue kapsuli 2 au 3 sokoni kwa sababu fedha ni chache. Baba wa nyumba, tunajua fedha ni ngumu. Lakini kapsuli 2 ni fedha iliyotupwa, na pengine ni kumwandalia mtoto wako ugonjwa usiosikia dawa. Njoo tusemezane kwanza, na shida ya malipo uieleze.

6. Mafua na kikohozi chepesi mara nyingi huletwa na virusi, na antibiotiki haiui virusi. Mama, mwuguzi akikuambia kwamba mtoto hahitaji antibiotiki wala sindano, usidhani amekunyima. Lakini mtoto akipumua kwa haraka, au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, mlete siku hiyo hiyo.

7. Ukipewa dawa, itumie kwa saa na kwa siku ulizoambiwa. Usimgawie jirani, wala usiweke akiba kwa ugonjwa mwingine.

8. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, baada ya choni, na kabla na baada ya kugusa kidonda. Sugua bido la maji kila mara, usilijaze tu juu ya utelezi wa zamani.

Mpendwa, liko neno la mwisho kwa ajili ya roho yako. Umeona kwamba kijidudu hakileti kelele siku ya kwanza. Hukaa kimya na kuongezeka, na mtu hujiona mzima. Dhambi nayo ni hivyo. Uongo 1, wivu 1, glasi 1, na moyo husema, "Ni kidogo tu." Usingoje zikawa jeshi. Mlete Bwana Yesu jeraha lako lingali jipya, naye ataliosha. Na mwili wako, ambao ni kazi ya mikono yake, uutunze vivyo hivyo, pamoja na miili ya jirani zako, maana dawa unayoiharibu leo kwa uvivu ndiyo atakayoihitaji mtoto wa jirani kesho.

MASWALI YA KUULIZANA NYUMBANI

1. Kwa nini kijidudu kibaya hungoja mpaka vingine viwe vingi?
2. Utando wa vijidudu ni nini, nasi twauona wapi nyumbani?
3. Taja njia 3 za kuharibu masemezano ya vijidudu.
4. Kwa nini kapsuli 2 za sokoni ni hatari kuliko faida?
5. Je, katika nyumba yetu kuna dawa iliyobaki? Tutaipeleka kwa mwuguzi lini?